Kufufua samani kuukuu Lamu: kitanda cha kamba kinavyogeuka kiti cha baraza

Mtu akiokota kiti kilichotupwa, jambo la kwanza analowaza ni rangi. Atanunua msasa, atanunua vanishi, na baada ya siku chache kiti kitang'aa vizuri. Kisha atakuja mgeni, atakikalia, na mguu utachomoka.

Samani nzuri za zamani za mji huu ziliungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja huingia tunduni mwa nyingine, zikakazwa kwa vijiti vya mbao. Misumari mingi unayoiona leo iliongezwa na fundi mwenye haraka. Hewa yetu ina chumvi, na msumari wa chuma hushika kutu, kutu huvimba, na mbao hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana katika mwongozo huu rangi imewekwa mwisho, na maungio mbele. Mfano nitakaoufuata ni kitanda cha kamba, kile cha matendegu (miguu) yaliyochongwa, kwa kuwa ndicho kinachosahaulika zaidi tangu godoro la sponji liingie nyumbani. Lakini hatua nyingi zinafaa pia kwa kiti, meza au kasha.

Kabla hujaita punda

Uliza mwenyewe ni nani. Kitu kilicho nje ya mlango si lazima kiwe kimetupwa. Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni ni za urithi, zina wenyewe kumi, na kitanda unachokiona kinalowa mvua huenda ndicho bibi yao alichotolewa nacho arusi. Nenda umsalimu mkubwa wa nyumba, mwambie wazi: "Bibi, nakiona kile kitanda hakina kazi, mwaniruhusu nikichukue, au mwataka nikitengeneze kirudi kwenu?" Mara nyingi atakupa, na atakueleza kilitoka wapi. Vitu vya msikitini viache kabisa mpaka uzungumze na kamati, hata kama ni rafu iliyovunjika ya kuwekea misahafu. Kilichowekwa wakfu hakiokotwi.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitolewi nje ya Kenya bila kibali. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo macho ni mengi. Ukipata kiti cha enzi chenye nakshi za mfupa au pembe, au kasha la njumu (mapambo ya shaba) linaloonekana la zamani sana, usiliguse kwa msasa. Lipeleke likaonwe na watu wa makumbusho pale pwani ya mji. Pembe ya ndovu usiiuze, usiinunue, wala usitafute kipande kingine cha kuzibia pengo. Kitu cha namna hiyo kikishasuguliwa, hakirudi tena kilivyokuwa, na thamani yake imo katika ule uchakavu unaotaka kuuondoa.

Vilivyobaki ni halali yako: vitanda vya kawaida, viti vya mkahawa, makabati ya miaka ya sitini na sabini, mbao za jahazi lililovunjwa.

Jua umeokota mti gani

Pindua kitu chini juu, chagua mahali pasipoonekana, ukwangue kwa kisu. Mvule huonyesha rangi ya dhahabu inayokaribia hudhurungi, na ukiwa wa zamani huwa umekolea sana juu. Ndani yake huweza kuwa na vipande vigumu vya chokaa vinavyobutua randa ghafla, basi usishangae. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Funga pua kwa barakoa nzuri, si kwa kilemba. Bambakofi ni mzito, mwekundu-hudhurungi, na ukilowa hutoa rangi ya manjano itakayochafua kanzu yako. Msaji una mafuta, ukiugusa unateleza kidogo, nao ni lazima uufute kwa spiriti kabla ya kutia gundi, la sivyo gundi haishiki.

Mwembe na saiprasi si haba, ila ni laini. Plaiwudi huokoleka kama haijafumuka kingo. Chipbodi iliyonywa maji na kuvimba ni taka: vua bawaba, vua vitasa, viweke, kilichobaki kitupe. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakipoteza wiki nzima kwenye kabati ambalo haliwezi tena kushika hata skrubu moja.

Mbao za jahazi zina tabia yake. Zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani kila usiku, kwa hiyo mbao hazikauki hata ukizianika mwezi mzima. Zioshe kwa maji baridi ya kunywa, siyo ya kisima chenye chumvi, mara kadhaa kwa siku tofauti, kisha zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati ili upepo upite. Kabla ya kuzipitisha kwenye randa, pitisha sumaku. Vipande vya misumari vilivyokatika hujificha chini ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao, na kimoja tu kinatosha kuharibu randa au msumeno.

Dumuzi kwanza, kabla hawajaingia nyumbani

Dumuzi ni wadudu watoboao mbao. Matundu yao madogo ya duara peke yake hayana maana kubwa. Huenda wadudu walishatoka miaka mingi iliyopita. Dalili unayoitafuta ni unga. Gonga mbao juu ya karatasi nyeusi, iache usiku mmoja. Ukikuta unga mpya, laini, wenye rangi ya mbao changa, wamo na wanakula. Dumuzi hupenda ule mti mweupe wa nje, siyo kiini, na ndiyo sababu mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni mwa kitanda, huweza kuoza upande mmoja huku wa pili ukiwa mzima kabisa.

Mazoea ya kupaka mafuta ya taa husaidia kidogo juu juu, lakini hayafiki ndani, yananuka, na yanazuia gundi. Afadhali dawa ya boroni, ile inayouzwa kama unga wa kuchanganywa na maji. Ipake kwenye mbao tupu isiyo na rangi wala vanishi, mara mbili au tatu, na uiingize kwenye matundu kwa bomba la sindano. Mbao ikishakauka, dawa hubaki ndani. Ila maji huweza kuiondoa, kwa hiyo kitu cha nje kinahitaji vanishi juu yake. Kigoda kidogo au mtoto wa meza unaweza kuufunga vizuri kwa nailoni na kuuweka kwenye friza ya samaki kwa wiki mbili; kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri dumuzi hawabaki. Mwenye friza atacheka, lakini atakubali.

Mchwa ni habari nyingine. Ukiona udongo ndani ya mbao, choma kwa bisibisi uone panapobonyea. Palipobonyea patakatwa, hapana dawa.

Kukivunja bila kukivunja

Piga picha pande zote kwanza. Kisha andika namba kwa chaki ndani ya kila ungio: tendegu la kwanza na tundu lake, kitakizo (mti mfupi wa upana) cha mchagoni, yaani upande wa kichwa, na kitakizo cha miguuni. Matundu ya zamani yalichongwa kwa mkono, kila moja kwa ulimi wake, na ukibadilisha hayatakaa.

Kata kamba zote, hata zile unazodhani nzima. Tafuta misumari iliyoongezwa na uing'oe kwa koleo, ukiweka kibao chini ya koleo lisiache alama. Msumari ulioshikwa na kutu upashe moto kwa kuugusa na ncha ya chuma cha kulehemia. Hupanuka, kisha ukipoa unalegea. Vijiti vya mbao vitoe kwa kuvigonga kutoka upande mwembamba. Vikikataa, vitoboe kwa keekee au drili yenye ncha ndogo kuliko kijiti.

Ungio likigoma, usilipige nyundo. Gundi ya zamani hulainika kwa siki nyeupe iliyopashwa moto: idondoshe kwenye mwanya, subiri, idondoshe tena, tikisa. Ukipiga, piga kwa nyundo ya mbao na kipande cha godoro katikati.

Kwa kawaida utakuta ndimi mbili au tatu zimeliwa na zilizobaki ziko sawa. Hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana.

Kuondoa rangi

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwanza, rangi ya mafuta ya miaka mingi huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue, na magamba uyakusanye kwenye gazeti. Pili, magadi makali ya kiwandani huondoa rangi haraka, lakini hufanya mvule kuwa mweusi na kulegeza kila kilichobaki kwenye maungio. Sitayatumia hata bure.

Chombo kizuri kuliko vyote ni kipande cha kioo kipya kilichovunjika, ukingo ulionyooka, umekishika kwa glavu nene. Kivute kuelekea kwako, ukifuata nyuzi za mti. Kinatoa utepe mwembamba, kinaacha uso laini kuliko msasa. Kikibutuka, vunja kingine. Kwenye mabonde ya matendegu ya kukereza tumia uzi wa katani uliotiwa maji na mchanga laini, ukiuvuta huku na huku.

Madoa meusi yanayozunguka misumari si uchafu. Ni chuma na asili ya mti vimeshikana. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto huyatoa. Ioshe baada ya hapo, vaa glavu, na weka mbali na watoto. Ndimu hufaa kwa shaba ya bawaba na njumu, ikiwa na chumvi kidogo, lakini hilo doa la chuma inalipaukisha tu. Na shaba usiing'arishe mpaka ikawa mpya. Weusi wa kwenye nakshi uuache.

Kubuni upya

Swali la kujiuliza ni hili: mbao hii inataka kubaki nini? Kitanda cha futi sita kwa tatu na nusu hakimfai tena mtu wa godoro, ila kinatoa kiti cha baraza kizuri sana, kwa sababu matendegu na mifumbati haiguswi. Kinachofupishwa ni vitakizo viwili tu.

Kipimo cha kina cha kiti cha kukalia ukiegemea mitakia ni sentimita 55 hivi. Kwa kuwa kitakaa kwenye ukuta, hakihitaji egemeo. Ukuta na mito vinatosha, kama ilivyo kwenye baraza zenyewe. Kimo cha kukalia kiwe sentimita 42 hadi 45. Vitanda vingi vya zamani ni virefu kuliko hapo. Usikate sehemu iliyokerezwa. Kata chini tu, ile sehemu ya tendegu iliyo wazi, na kama haitoshi, kiache kirefu utengeneze kibao cha kuwekea miguu. Mimi nachagua kibao.

Kabati la plaiwudi na meza ya saiprasi unaweza kuzipaka rangi yoyote, kijani, buluu ya majahazi, hata nyeupe. Mvule mzuri kuupaka nyeupe ili uonekane wa kale ni mtindo uliokuja na wageni wa Shela, na sioni sababu ya kuuiga: mti ni wa kale tayari.

Ulimi mpya

Pima kitakizo kutoka bega hadi bega, siyo kutoka ncha hadi ncha. Bega ndilo linalokutana na tendegu. Weka upande mmoja na ulimi wake wa zamani kama ni mzima, kata upande wa pili tu, kisha uchonge ulimi mpya. Unene wa ulimi ni thuluthi ya unene wa mbao, au ufuate tundu lililopo. Chora kwa kisu, siyo penseli, ili patasi ipate njia. Katia msumeno upande wa taka wa mstari, halafu fikia mstari kwa patasi. Ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono na kugonga kidogo mwishoni. Ukiingia wenyewe, ni mwembamba. Bandika kipande chembamba cha mti ule ule ubavuni, uchonge tena.

Palipoliwa na dumuzi tia kiraka. Kata pafanane na almasi, siyo mraba, kwa sababu mstari wa mraba unaokatiza nyuzi unaonekana kutoka mlangoni. Kiraka kiwe cha mti ule ule na nyuzi zielekee upande mmoja. Unga wa msasa uliochanganywa na gundi ni wa nyufa ndogo tu. Haupokei rangi kama mbao.

Gundi nyeupe ya kawaida hulegea kwenye unyevu wetu. Nunua inayoandikwa kuwa inastahimili maji. Kisha weka vijiti. Toboa tundu la kijiti kwenye tendegu kwanza, ingiza ulimi, tia alama ya tundu hilo kwenye ulimi, utoe, na utoboe ulimi milimita moja karibu zaidi na bega. Kijiti kikipita kwenye matundu hayo yaliyopishana kidogo huvuta bega dhidi ya tendegu na kulikaza milele, hata gundi ikifa. Vijiti vichongwe kwa mti mkavu mgumu. Mabaki ya mvule au mkoko mkavu yanafaa.

Kama huna jiliwa ndefu, zungusha kamba fremu nzima, ingiza kijiti katikati na uinyonge mpaka maungio yafunge. Mabaharia wanajua. Kabla gundi haijakauka pima pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana, sukuma ile pembe ndefu.

Ongeza mti mmoja wa kukatiza katikati ya mifumbati miwili, sentimita 5 chini ya kamba. Bila huo, kamba zikivuta, mifumbati hupinda ndani.

Skrubu zikibidi, ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Msasa, kisha mafuta

Namba 80 palipo na alama tu, 120 pote, 180 umalize. Zaidi ya hapo unapoteza nguvu. Fuata nyuzi.

Msimu ni sehemu ya kazi. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ni kavu na ndiyo wakati wa kupaka. Wakati wa masika lakeri ya kupuliza hugeuka ukungu mweupe, kwa kuwa inapokauka haraka huvuta unyevu wa hewani juu yake. Ukilazimika, fanya saa nne asubuhi baada ya umande, siyo magharibi. Droo nazo zipe nafasi ya milimita mbili au tatu, maana iliyokaa sawasawa kwa kaskazi haifunguki mwezi wa tano.

Kwa kiti kinachokaa mahali penye hewa, chagua mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mpako wa kwanza uchanganye nusu kwa nusu na tapentaini, uache dakika ishirini, ufute kila kilichobaki juu. Siku inayofuata, au mbili ikiwa hewa nzito, rudia bila tapentaini. Mipako mitatu inatosha. Chumba cha chini chenye ukungu hakipendi mafuta haya, kwani ukungu hula juu yake. Huko tumia vanishi. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Yanang'arisha siku ya Idi na kukusanya vumbi na sisimizi mpaka Idi ya pili.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa: hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize ndani ya maji. Katika mji wa vichochoro vyembamba na dari za boriti na makuti, hili si la kupuuza.

Kuwamba

Subiri mafuta yakauke wiki. Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za kumbi la nazi, ndiyo imara kuliko zote. Ya ukindu ni laini kwa mwili lakini haidumu sana. Nailoni ni rahisi, ila huteleza na kumenyeka juani.

Kwa fremu ya sentimita 180 kwa 55, ukiacha nafasi ya sentimita mbili na nusu kati ya nyuzi, utahitaji kama mita 100 ikiwa mifumbati ina matundu. Kama unazungushia fremu yenyewe, weka mara mbili. Ning'iniza kamba usiku mmoja na uzito ili ijivute kwanza. Iwambe ikiwa kavu: usumba uliolowa hujikaza, na ukikauka unalegea wote.

Anza na mtande wa urefu, kitakizo hadi kitakizo. Kila unapopitisha kamba tunduni, vuta, kisha chomeka kijiti cha muda kwenye tundu kiishike mpaka upitishe inayofuata. Mtande usiukaze mno. Mshindio, yaani kamba za upana, ndio utakaouvuta. Kisha rudi upande wa upana, juu moja, chini moja, ukigonga kila mstari ukae sambamba kwa kibao chembamba. Ukifika katikati, kaa juu yake kidogo uone. Kamba ziteremke upana wa vidole viwili, zaidi ya hapo fungua urudi nyuma mistari michache. Maliza kwa fundo chini ya kitakizo cha miguuni, siyo cha mchagoni, na uache urefu wa dhiraa moja bila kukata.

Huo mwisho ulioachwa ni wa kazi. Kiti kikalie wiki mbili hivi, kamba zitalegea. Fungua fundo, rudi mstari kwa mstari ukivuta kutoka mchagoni kuja chini, ukaze upya. Mara nyingi mzunguko wa pili ndio wa mwisho kwa mwaka ule. Baada ya masika utazame tena, pamoja na vijiti vya maungio: kilichochomoza kigonge, kilicholegea kibadilishe kwa kingine kinene kidogo.